Nimedunga Sindano Tarafa Nzima, Mkwe Wangu Amenikimbia

Tulia, Kitui
Agosti 1978

Mpendwa Mama Wariara,

Naomba msaada wako, na kabla hujaanza kunihurumia nataka ujue kwamba mimi si mtu wa kulialia, mimi ni nesi, nimefanya kazi hii tangu kabla ya Uhuru, na wanawake wa hapa Tulia watakuambia kwamba kila aliyekuja kwangu akilia alirudi kwake amenyamaza, ama kwa sababu amepona ama kwa sababu nimemkaripia, lakini safari hii nimeshindwa, na aliyenishinda ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza, yeye pamoja na makalio yake.

Najua umecheka. Watu wote wamecheka, hata pasta wetu, ingawa yeye alijifanya anakohoa. Jina langu unaweza kuliandika gazetini, hakuna haja ya kulificha, kwa sababu sokoni wanaijua hadithi hii kuliko mimi mwenyewe na wameiongeza chumvi.

Nilisomea uuguzi katika hospitali ya misheni wakati ambapo wasichana wa kwetu walikuwa wanaambiwa kwamba wakishika wagonjwa wanaume hawataolewa, na mimi nikawashika na nikaolewa, nikaolewa na dereva wa malori ya barabara, mtu mzuri sana lakini mtu wa safari, akija nyumbani nampa mtoto amshike ili wajuane, akienda namchukua mtoto narudi naye kazini. Watoto wangu wanne nimewalea nyuma ya dispensari. Jiko lilikuwa moja na sufuria mbili, moja ya muthokoi, yaani mahindi ya kukobolewa, na moja ya kuchemshia sindano, na sijawahi kuzichanganya hata siku moja, ijapokuwa mwanangu wa tatu husema mpaka leo kwamba muthokoi wangu ulikuwa na ladha ya serikali. Yule wa mwisho nilimzaa nikiwa nimetoka tu kumzalisha mwanamke mwingine, yeye akashuka kitandani na mimi nikapanda kabla hakijapoa. Ile njaa ya mahindi ya manjano nilipika uji wa dispensari kwa mikono yangu, wagonjwa wakanywa kwanza na watoto wangu wakanywa baadaye, na hakuna aliyekufa, ingawa siwezi kusema kuna aliyenenepa.

Nakueleza haya si kwa kujisifu, au labda ni kwa kujisifu kidogo, ili uelewe kwamba mtu akiwa mgonjwa mimi siwezi kukaa. Nimedunga sindano tarafa hii yote. Nimemdunga chifu, ambaye hulia, nimemdunga pasta, ambaye huimba, nimemdunga mwalimu mkuu, ambaye huniuliza kila mara kama sindano imechemshwa, na nafikiri siku hizi namtambua mtu kwa nyuma upesi kuliko kwa mbele. Katika nchi yote hii kuna makalio ya mtu mmoja tu ambayo sitakiwi kuyaona mpaka niingie kaburini, na hayo ndiyo yanayohitaji dawa.

Wewe ni mtu wa Nyeri, nimesikia, kwa hivyo labda kwenu si hivi. Kwetu sisi Wakamba kuna nthoni, yaani ile haya ya mama mkwe na mume wa binti yake. Hatushikani mikono. Hatuli pamoja. Sikai kwenye kiti alichokalia yeye. Mkwe wangu anaitwa Kiilu, ni fundi wa baiskeli kule Matinyani, kijana mpole, hanywi, hampigi binti yangu, na tangu harusi yao nimeona kofia yake na visigino vyake tu, kwa sababu akiniona njiani huingia kichakani na baiskeli yake, na vichaka vya kwetu vyote ni miiba, kisha kutoka humo ndani nasikia sauti ndogo ikiniuliza kama tumeamka salama. Na mimi usidhani ni mzungu. Nikisikia kengele ya baiskeli yake najifunika leso, nageukia ukuta, nasubiri. Tunapendana sana kwa njia hiyo.

Sasa huyu Kiilu alianza kukohoa mwaka jana, akakonda, akaanza kutoa jasho mpaka Mutindi binti yangu akawa anaanika shuka kila asubuhi kana kwamba ana mtoto mchanga wa miaka thelathini. Ikaonekana ni kifua kikuu. Dawa ipo, na dawa ni sindano kila siku kwa miezi miwili na vidonge baada ya hapo kwa muda mrefu, na mambo yalikuwa mazuri kwa sababu hapa dispensari nilikuwa na mwenzangu wa kiume, Mutie, ndiye aliyekuwa akimdunga, na mimi wakati huo naenda kukaa nyuma nikipanguza chupa ambazo hazina vumbi. Halafu serikali ikamhamisha Mutie ikampeleka Mukuyuni, na haijaleta mwingine. Kiilu alifika siku ya kwanza baada ya Mutie kuondoka, akachungulia dirishani, akaniona mimi peke yangu na Ndolo mfagiaji, akageuza baiskeli. Hakurudi. Akamwambia Mutindi kwamba amepona.

Hajapona. Naijua sauti ya kifua kilichopona. Nyumba yao ina chumba kimoja cha kulala, mle ndani kuna binti yangu, kuna mtoto wao mkubwa, na kuna yule mdogo waliyempa jina langu, na wote wanavuta hewa ile ile anayokohoa baba yao. Mimi nimeosha wafu wa ugonjwa huu, Mama Wariara. Hawafi upesi, na hawafi peke yao.

Nilijaribu njia zote. Nilimtumia maneno aende akalazwe hospitali ya Kitui, akasema akifunga kibanda chake nani atalisha watoto. Nilienda kwa wazee, wakaniambia nthoni inaweza kulegezwa, kuchinjwe mbuzi na kupikwe pombe, nikawaambia mimi ni mtu wa kanisa sipiki pombe, halafu mmoja akafikiri vizuri akasema hata hivyo mbuzi anaruhusu kusalimiana, hakuna mbuzi aliyewahi kuruhusu kuvua suruali. Nilienda kwa pasta, akaniambia katika Kristo hakuna nthoni, nikamwuliza yeye huwa anakula mbele ya mama mkwe wake, akasema tufunge kwa sala. Nikafikiria Ndolo amdunge, lakini mikono ya Ndolo hutetemeka hata akimimina chai. Mutindi naye aliniomba nimfundishe yeye, nikamwambia asinichekeshe, mtu ambaye hata kuku hawezi kumchinja bila kufumba macho.

Basi nikafanya lile nililofanya. Nilimtuma Ndolo sokoni akaseme kuna nesi mpya wa kiume kutoka Machakos, mtu mkimya, mwenye kidonda cha koo. Nikavaa koti refu la Mutie lililobaki msumarini, nikavaa kofia, nikafunga kitambaa cha upasuaji usoni, nikavaa gambuti, nikatundika blanketi dirishani ili chumba kiwe giza giza. Kiilu akaja. Ndolo ndiye aliyekuwa akisema, lala hapa, geuka, shusha kidogo, usikaze. Nikaingia. Niliangalia mgongo wake ule, mifupa imetokeza yote, nikasikia uchungu kama ni mtoto niliyemnyonyesha, na ikabidi nisimame kidogo ndipo nione vizuri ninapodunga. Nikamdunga. Akavaa, akashukuru, akaenda. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa, na wiki nzima, na akaanza kutangaza pale Matinyani kwamba huyu nesi mpya ana mkono mwepesi kuliko manesi wote aliowahi kuona, na sitakuficha, maneno hayo yaliponifikia nilifurahi sana, nikaanza kupiga pasi lile koti.

Siku iliyoniharibia, sindano ilikuwa butu. Nilimdunga, na ikamuuma, akalia vile watu wote wa kwetu hulia wakiumwa, akamwita mama yake, akasema, "Wooi mwaitu." Na mimi, ambaye kila mtu anayelala kwenye kitanda kile humwita mama yake, mzee kwa kijana, na kila mara mimi humjibu kwa sababu mama zao hawapo na mimi nipo, nikamwekea mkono mgongoni nikasema, "Niko hapa, mwanangu."

Sauti yangu haijifichi. Inasikika mpaka mnadani. Kiilu aligeuza kichwa, akaona macho yangu juu ya kile kitambaa, na tukatazamana kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. Sitaki kueleza kilichofuata lakini lazima nieleze. Aliruka kitandani, akapita mlangoni akishika suruali kwa mkono mmoja, sindano ya kioo ya serikali bado inaning'inia pale nilipoiacha, akapita mbele ya foleni ya akina mama walioleta watoto kliniki, wengine wakageuka kwa heshima na wengine hawakugeuka, sindano ikaanguka karibu na tangi la maji ikavunjika, na yeye akaenda mbio mpaka Matinyani kwa miguu. Baiskeli yake bado imeegemea ukuta wetu. Mtu mwenye mapafu mabovu namna ile, sijui hata alipata wapi hizo mbio.

Sasa amejifungia. Wazee wa kwao wanasema nimemletea mkosi. Yeye anasema afadhali kikohozi kimuue kuliko akutane nami, na usiku na mchana anakohoa. Mutindi alikuja hapa, hakukaa, hakunywa chai, alisimama mlangoni kama mgeni akaniambia, "Mwaitu, ulikuwa unataka kunisaidia ama ulikuwa unataka kushinda?" Tena akaniomba nimfundishe kudunga, na tena nikamwambia hiyo si kazi ya kujifunza jikoni, akaenda zake. Huyo ndiye mtoto aliyejifunza kusoma kwa maandishi ya chupa zangu za dawa. Hajarudi tangu siku hiyo.

Naomba unijibu upesi. Nina vijana wawili wa kwaya, wana nguvu, wamekubali kwenda nami Matinyani wakamshike mikono na miguu nimdunge huko huko kwake, halafu aniite jina lolote analotaka, angalau awe hai wa kuniita. Ama unaniambia nikae hapa na dawa kabatini nimtazame binti yangu akigeuka mjane kwa sababu ya suruali? Mimi ni mama na mimi ni nesi, na kwa mara ya kwanza sijui ni yupi kati ya hao wawili anatakiwa kunyamaza.

Ni mimi,
Nesi Mbula

MAMA WARIARA ANAJIBU

Nesi Mbula,

Nimecheka. Umesema nitacheka na nimecheka, mpaka nikamwita Ndinda, msichana Mkamba wa Makueni anayetupigia taipu hapa ofisini, nikamsomea pale unapoeleza foleni ya kliniki, na yeye akacheka mpaka akamwaga chai kwenye ukurasa wa michezo. Halafu akaupanguza ukurasa. Akaniambia baba yake alizunguka kilima kizima maisha yake yote ili asikutane kisimani na mama mkwe wake, yaani nyanya yake Ndinda, hakuwahi kumtazama usoni hata mara moja, na siku nyanya alipokufa, baba ndiye aliyelia kuliko wote na ndiye aliyechimba kaburi bila kutaka kusaidiwa. Nikakusoma tena kuanzia mwanzo, na mara ya pili sikucheka sana.

Kwanza nikupe pole, kwa sababu unastahili. Unaogopa kumpoteza mtu, na unaogopa kwa sababu unajua, na anayejua huumia zaidi. Dawa iko kabatini na mgonjwa yuko pale ng'ambo akikohoa, na wewe umeumbwa vile ulivyo. Ningekuwa mimi ningekuwa nimepiga mtu. Hiyo pole ichukue uiweke mahali, kwa maana sasa nakuja kwa mengine.

Hao vijana wa kwaya waambie warudi wakaimbe. Umesikia? Mtu aliyevuliwa kwa uongo mara moja hutakiwi kumvua kwa nguvu mara ya pili. Ukimshika leo, kesho utamshika tena? Na kesho kutwa? Dawa ni ya kila siku, umesema mwenyewe, na hakuna kwaya ya kila siku. Atahama. Ataenda mahali ambapo hata dispensari hakuna, na Mutindi atamfuata kwa kuwa ni mume wake, na wewe utabaki na kabati lako.

Pili, acha kuandika kana kwamba huyo Kiilu ni mjinga. Alipodhani anadungwa na mwanamume alikuja kila siku bila kukosa. Hakukimbia sindano. Hakukimbia dawa, na kwa kweli hakukukimbia wewe, alikimbia kwa ajili yako, kwa sababu mahali alipofundishwa kukupa heshima ya juu kuliko watu wote ndipo ulipomweka bila suruali. Wewe ndiye uliyevunja nthoni, si yeye. Wewe ndiye uliyevaa koti. Na ulipoanza kulipiga pasi, mama, hapo hukuwa tena unatafuta mapafu ya mtu, ulikuwa unatafuta sifa. Binti yako aliliona hilo kabla yangu, na alikuuliza kwa adabu kuliko mimi.

Sasa tufike kwa huyo binti. Barua yako imejaa watu. Kuna chifu anayelia, kuna wazee na mbuzi wao, kuna sufuria mbili, kuna hata ladha ya muthokoi. Mutindi amekuomba mara mbili umfundishe, na mara zote mbili umempitia mbio ukaenda kunisimulia mambo mengine. Nilitafuta sababu yako nikapata kuku. Unaniambia binti wa nesi, aliyelelewa nyuma ya dispensari, aliyesoma chupa za dawa kabla ya kusoma kitabu, mke wa mgonjwa, anayelala kitanda kimoja naye na kuanika shuka zake, hawezi kufundishwa kitu kimoja kwa sababu hufumba macho akichinja kuku. Na wewe je, siku ya kwanza pale misheni, ulipopewa sindano ukaonyeshwa mzee wa watu amelala, macho yako yalikuwa wazi? Kuna mtu alisimama nyuma yako akasubiri mkono wako uache kutetemeka. Huyo mtu angeweza kukunyang'anya sindano afanye mwenyewe, ingekuwa haraka zaidi, na leo Tulia isingekuwa na nesi.

Unaniuliza ni nani anyamaze, mama ama nesi. Wote wawili wameongea vya kutosha. Mimi nimesikia mtu wa tatu kwenye barua yako ambaye hujampa nafasi hata kidogo, naye ni mama mkwe. Hiyo kazi hukuisomea. Mama hushika na nesi hushika, na mama mkwe wa kwenu, kama nimemwelewa Ndinda vizuri, amewekewa mpaka ili asishike, ili nyumba ya binti yake iwe na mwanamke mmoja tu ndani yake. Wewe umewapenda watu wote kwa mikono tangu ujana wako na hujui kupenda ukiwa umeikunja. Ni vigumu, najua. Utajifunza ukiwa mzee, kama sisi wengine.

Basi fanya hivi, na uanze kesho, usingoje Jumapili.

Panda basi uende Kitui kwa daktari wa wilaya. Mweleze yote, na koti umweleze, atacheka na yeye, wacha acheke. Mwambie mgonjwa wa kifua kikuu amekatiza sindano katikati na anahitaji kupimwa upya, na mkewe na watoto wapimwe pia, hilo usilicheleweshe hata kwa siku moja. Mwombe mtu wa kuchukua nafasi ya Mutie. Atakuambia hana. Ndipo umwombe ruhusa umfundishe Mutindi amdunge mumewe nyumbani kwa siku zilizobaki, wewe ukitayarisha dawa na yeye akiipeleka. Daktari akikataa, mgonjwa alazwe, na wewe na dereva wako mtalisha hao watoto wawili mpaka atoke, maana walionusurika kwa uji wako wa mahindi ya manjano ni wengi. Akikubali, omba akuandikie, ili kesho kutwa mtu asije kukusumbua.

Kisha tafuta mjomba wa Kiilu au mzee yeyote wa kwao anayesikilizwa, umtume na maneno ya kuomba msamaha. Maneno yawe machache. Usieleze kuhusu mapafu, usihubiri, usitaje serikali. Sema ulikosa. Huyo mbuzi waliomtaja wazee atoke kwenu, kwa kuwa kosa lilitoka kwenu, na kuhusu pombe, kanisa lako halijakataza soda. Baiskeli apelekewe na Ndolo, imepanguzwa.

Halafu mwite Mutindi. Mpe kiti na chai, na mpe papai bichi, na sindano, na uikunje mikono yako. Akidunga papai vibaya usimpokonye. Mwambie tu arudie. Mwonyeshe ni wapi pa kudunga na ni wapi pasipoguswa kabisa, jinsi ya kuchemsha, jinsi ya kuangalia hewa kwenye bomba, umwonyeshe mpaka akuchoke. Anaweza kufumba macho mara ya kwanza. Ya pili atafumbua. Na ukiniuliza atamshawishi vipi mumewe alale kifudifudi, nitakujibu kwamba mke ana njia za kumvua mume suruali ambazo serikali haikuwahi kukupa wewe, pamoja na koti.

Sasa hili la mwisho ndilo gumu, na ndilo ninalokuamuru. Siku ya kwanza Mutindi atakapomdunga Kiilu nyumbani kwao, najua utaenda. Huwezi kukaa Tulia, na sitakudanganya kwamba nategemea utakaa. Nenda. Lakini ubaki nje, nyuma ya nyumba, uelekee shambani, na leso yako kichwani kama mama mkwe mwenye heshima zake. Utamsikia akikohoa. Utamsikia Mutindi akimwambia asikaze. Sindano ikiingia vibaya Kiilu atalia, na atamwita mama yake kwa sauti ya kuvunja moyo wako, na miguu yako itageuka yenyewe kuelekea mlangoni.

Usijibu. Mtu anayepiga kelele bado ana pumzi, na hiyo pumzi ndiyo uliyokuja kuisikiliza.

Mama Wariara